Dawa Kiasi Gani? Mjadala Kabla ya Maji ya Thwake

Ukambani tumezoea kuuliza swali moja kuhusu maji: yapo au hayapo? Mtu aliyewahi kukesha kando ya shimo la mchanga mtoni, akisubiri mtungi ujae, hahitaji kuelezwa kwa nini swali hilo hutangulia. Lakini mabomba yanazidi kusambaa katika kaunti za Kitui na Makueni, Kenya, na swali la pili ndilo linaloamua kama maji ya bomba ni salama kuliko yale ya shimoni: yametiwa dawa kiasi gani, na kiasi hicho kimejulikanaje?

Dawa zenyewe hasa ni mbili. Ya kwanza ni shabu, mitamboni wanaiita alamu, inayokusanya chembe za udongo zinazoelea ziwe mabonge, mabonge yazame na maji yabaki maangavu. Ya pili ni klorini, inayoua vijidudu. Zikipungua, watu wanaugua. Shabu ikizidi, hushusha pH na kuacha aluminiamu majini. Klorini ikizidi, watu huyakimbia maji. Siku hizi kuna wanaosema kompyuta inaweza kufundishwa kutabiri kiasi kitakachohitajika, hata kabla maji machafu hayajafika mtamboni. Wengine wanaona huo ni mzigo usio na maana kwa kaunti ambazo bado zina vijiji visivyo na bomba.

Nimewapa nafasi wasemaji wanne. Si watu mahususi. Ni misimamo inayogongana kila suala hili linapotajwa, nami nimeipa sauti ili ishindane mbele ya msomaji. Pale nitakapoona imeacha jambo, nitaingilia.

MHANDISI: Tuanze na kazi inavyofanywa sasa. Opereta anapanga bika sita, katika kila moja lita ya maji ya mto. Anatia shabu kwa vipimo vinavyopanda, anakoroga kwa kasi kama dakika moja, kisha polepole dakika kumi na tano au ishirini, halafu anaacha yatuame nusu saa. Mwisho anachagua bika iliyotoa maji maangavu kwa dawa ndogo zaidi. Ni jaribio zuri na limetumika duniani kwa karibu karne nzima. Lakini linakula saa moja, na mito yetu ya msimu haingoji saa moja. Mvua ikipiga vilima vya Mbooni jioni, mto uliokuwa mchanga mtupu unashuka na maji mekundu. Ukungu wa maji, ambao tunaupima kwa NTU, unaweza kupanda kutoka makumi hadi maelfu kabla mabonge ya jaribio la kwanza hayajazama. Jibu linapatikana, lakini ni jibu la maji yaliyokwisha kupita.

OPERETA: Binti yangu, maji hayo mekundu nayajua. Wala sisubiri bika. Nikiona wingu limekaa juu ya vilima, nampigia simu mwenzangu aliye juu ya mto. Akiniambia mto umejaa, nafunga mlango wa kuingizia maji, tunatumia yaliyomo tangini mpaka tope lipungue. Tope la kwanza la msimu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linakokota mavi ya ng'ombe na majani ya miezi mitano ya kiangazi. La pili ni afadhali. Hayo yote niko nayo kichwani.

MHANDISI: Nakuamini, mzee. Na ukistaafu?

OPERETA: Kijana atakayenifuata atajifunza kama nilivyojifunza mimi.

MHANDISI: Kwa misimu mingapi ya watu kunywa maji ya kujifunzia?

Hapo opereta hakujibu, na mimi sidhani kuna jibu zuri. Ujuzi wake ni utabiri kamili: una kipimo cha awali, yaani wingu, una taarifa kutoka juu ya mto, una kumbukumbu ya misimu iliyopita, na unaishia katika uamuzi. Kasoro yake ni kwamba haukuandikwa popote. Lakini mhandisi naye asiachwe aseme kana kwamba maji yote ya kaunti hizi mbili ni ya aina moja. Mji wa Kitui unategemea sana Bwawa la Masinga katika Mto Tana, na Mwingi hupata maji kutoka Kiambere. Maji yanayofika Kiambere yamekwisha kupita Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Mabwawa manne yametangulia kuyatuamisha. Huko kiasi cha dawa hubadilika taratibu, na jaribio la bika la asubuhi linaweza kufaa mpaka jioni. Kibwezi wana chemchemi za Umani, maji yanayochujwa na miamba ya volkano ya Chyulu. Bomba la Nolturesh nalo linapita Emali na Sultan Hamud likileta maji ya chemchemi kutoka miguuni mwa Kilimanjaro. Maji ya chemchemi kwa kawaida hayahitaji shabu, yanahitaji klorini tu. Anayetaka kuweka kompyuta ya utabiri kila mahali aeleze kwanza inatabiri nini mahali ambapo maji hayabadiliki.

MHANDISI: Nakubali. Ninachosema kinahusu mitambo inayochota kwenye mito na mabwawa madogo, na hiyo si michache. Wala si uchawi. Kompyuta inapewa vipimo vya maji yanayoingia: ukungu, pH, joto, alkalini, rangi, na wingi wa maji kwa saa. Inapewa pia kiasi cha dawa kilichotumika na maji yaliyotoka yalikuwaje. Ikiona mifano mingi ya kutosha inatafuta uhusiano. Wataalamu wamejaribu mitandao ya neva bandia kwa kazi hii tangu miaka ya 1990. Hata bila hiyo, hesabu ya kawaida ya takwimu inaweza kukupa jedwali la ukutani: ukungu ukiwa hivi na alkalini hivi, anza na shabu kiasi hiki.

OPERETA: Hilo la jedwali ukutani nalitaka hata leo. Kompyuta sina uhakika. Stima ikipotea, itanitabiria nini? Na kihisi cha ukungu kikiachwa bila kuoshwa wiki moja, kioo chake kinashika utelezi na kinasema maji ni machafu kumbe ni chenyewe kichafu. Nani ataosha? Ni mimi yule yule mnayetaka kunipunguzia kazi.

MHASIBU: Niruhusuni, maana ninyi mnazungumza juu ya saa, mimi ninazungumza juu ya mwaka. Tuchukue mtambo unaotoa mita za ujazo 5,000 kwa siku. Ukitia shabu miligramu 40 kwa lita, hizo ni kilo 200 kwa siku, magunia manne ya kilo 50. Mvua zikija na kiasi kikapanda hadi miligramu 60, ni magunia sita. Kwa mwezi mmoja tofauti hiyo ni tani tatu. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo letu Ukambani, zinaanza Oktoba. Katika miezi hiyo mitatu bajeti iidhinishwe, fedha zifike, zabuni itangazwe kwa mujibu wa sheria ya ununuzi ya 2015, mshindi apatikane, lori lije. Mara nyingi mto unafika kabla ya lori. Mimi sihitaji kujua kesho saa tisa tutatumia shabu kiasi gani. Nataka nijue Julai kwamba vuli itahitaji magunia mangapi.

Hoja ya mhasibu ndiyo ninayoiona ikipuuzwa zaidi, kwa sababu haipendezi kuitazama. Anayeuza programu ya utabiri huonyesha mchoro wa saa kwa saa. Hakuna anayeonyesha stoo tupu. Ilhali opereta ambaye shabu yake imebaki magunia matatu katikati ya Novemba hatii kiasi alichoambiwa na bika wala na kompyuta. Anatia kiasi kitakachomfikisha Ijumaa. Na kazi hii ya mwaka haihitaji mtambo wa kisasa hata kidogo. Inahitaji daftari la miaka mitatu au minne lenye matumizi ya kila siku, pamoja na utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, ambayo ina maofisa hadi katika kaunti.

MAMA WA KIOSKI: Nimewasikiliza sana, wanangu, na hakuna aliyetaja mnunuzi. Kuna siku maji yanakuja na harufu ya dawa mpaka chai haiwezekani. Siku hiyo wateja wangu hawaji. Mtungi wa lita 20 unabaki hapo. Wanakwenda mtoni kufukua mchanga, au wananunua kwa mwenye punda ambaye hakuna anayejua amechota wapi. Kesho yake yanakuja bila harufu yoyote, nami naogopa zaidi, kwa sababu nashindwa kujua kama yametiwa chochote. Mngenisaidia kama yangekuwa sawa kila siku.

OPERETA: Mama, harufu si sumu.

MAMA WA KIOSKI: Najua, baba. Lakini mtoto hanywi maelezo.

Wote wawili wana haki, na tarakimu zinaonyesha kwa nini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha klorini kwa afya kuwa miligramu 5 kwa lita, lakini wako watu wanaoonja ladha yake hata kwenye miligramu 0.3. Pia linataka maji yakae na klorini angalau nusu saa na yabaki na miligramu 0.5, na yanapomfikia mtumiaji yasiwe chini ya 0.2. Kwa hiyo nafasi kati ya maji yasiyo na kinga na maji ambayo mama wa kioski hauzi ni ndogo sana. Opereta anayekisia huitoka nafasi hiyo mara kwa mara, juu au chini. Anayezidisha ili awe salama huenda ndiye anayempeleka mteja shimoni. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kutaka kipimo kitabirike: si kuokoa magunia, ni kumfanya mtu ayaamini maji ya bomba kiasi cha kuacha yale mengine.

Kitui kwenyewe kumekwisha kuwa na somo la namna hii, ingawa lilihusu pampu. Kyuso, kaskazini ya Mwingi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu za mkono. Kifaa kilipima jinsi mpini unavyopanda na kushuka na kutuma habari kwa simu. Pampu ikinyamaza, mtu anajua. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya matengenezo ya FundiFix, na muda wa pampu kukaa ikiwa mbovu ukashuka kutoka wiki kadhaa hadi siku chache.

MHANDISI: Huo ndio mfano wangu! Data imefanya kazi Ukambani.

OPERETA: Data na fundi mwenye pikipiki na vipuri, binti yangu. Usimwache fundi nje ya hesabu.

MHANDISI: Simwachi. Lakini bila ujumbe ule fundi asingejua aende wapi.

OPERETA: Sawa. Basi na sisi tuanze na ujumbe wa kweli. Maana kuna jambo ambalo hamlisemi. Vidonge vya kupimia klorini vikiisha, ukurasa wa daftari bado unatakiwa ujae. Mkubwa anakuja kukagua, hataki kuona nafasi tupu. Wapo wanaojaza. Wanaandika tarakimu ile ile ya jana.

Nimelisubiri neno hili litoke kinywani mwa opereta, kwa sababu utabiri wote unasimama au kuanguka hapo. Mei mwaka 2000, mji mdogo wa Walkerton huko Ontario, Kanada, ulipata mvua kubwa. Samadi ikaingia katika kisima kifupi cha mji, klorini haikutosha, na watu saba wakafa. Wengine zaidi ya 2,000 wakaugua. Tume ya uchunguzi iligundua kwamba kwa miaka waendeshaji walikuwa wakiandika mabaki ya klorini ambayo hawakuyapima, mara nyingi 0.5 au 0.75. Hebu fikiria kompyuta ambayo ingefundishwa kwa daftari lile. Ingejifunza kwamba mvua haibadilishi chochote, na kwamba dawa ndogo inatosha siku zote. Ingetabiri uongo kwa usahihi mkubwa. Na ilitokea katika nchi tajiri, yenye maabara na sheria, wala si kwa kukosa vidonge.

Kwa hiyo namwambia mhandisi: kabla ya kihisi, nunua vidonge. Na namwambia msimamizi yeyote wa mtambo: ukiona nafasi tupu daftarini yenye maneno "hakuna vidonge", umeona taarifa ya thamani, usimkemee aliyeiandika. Daftari linaloruhusu kukiri kwamba leo hatukupima ndilo pekee ambalo kesho linaweza kutumika kutabiri.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mitambo iliyopo. Haraka yangu, hata hivyo, inatokana na mradi ambao haujaanza kazi. Katika mpaka wa Makueni na Kitui, pale Mto Thwake unapoingia Athi, kunajengwa bwawa lenye ukuta wa zaidi ya mita 80, litakaloweza kushika takriban mita za ujazo milioni 680. Ujenzi ulianza 2018, kwa fedha za serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na muda wa kukamilika umesogezwa zaidi ya mara moja. Limekusudiwa kuwapa maji wakazi wa kaunti hizi mbili na mji mpya wa Konza. Maji hayo yatatoka Athi, mto unaopokea Mto Nairobi pamoja na kila kitu ambacho jiji linautupia, hata maji ya mitambo ya majitaka ya Ruai. Wasiwasi juu ya usafi wake umekwisha kutajwa hadharani, hata katika taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

OPERETA: Maji ya Athi hayatakuwa kama ya Masinga. Hilo nalijua bila bika.

MHANDISI: Na hapo, mzee, uzoefu wako hautakusaidia, kama ambavyo modeli iliyofundishwa Masinga haitanisaidia mimi. Chukua amonia ya majitaka. Klorini ikikutana na amonia inashikana nayo kwanza. Ili ibaki klorini huru unahitaji kati ya mara nane na kumi ya uzito wa amonia. Amonia ikiwa miligramu 2 kwa lita, klorini inayomezwa kabla kinga haijaanza ni miligramu 16 hadi 20. Anayetia 2 au 3 kama alivyozoea atadhani ametibu maji, kumbe hajafika popote.

MHASIBU: Hizo ni mara ngapi za bajeti yangu?

MHANDISI: Ndiyo maana lazima tujue sasa. Kisha bwawa lenyewe litayabadili maji. Tope litatuama, hiyo ni heri. Lakini mbolea iliyomo kwenye majitaka italisha mwani. Mchana mwani hunyonya hewa ya ukaa na kupandisha pH, hata kupita 9. Hapo shabu haishiki vizuri na klorini inadhoofika. Usiku pH inashuka tena. Kipimo kilicho sahihi alfajiri kinaweza kuwa kibaya saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo. Na chini kabisa, oksijeni ikiisha, chuma na manganizi hutoka kwenye matope. Mahali kama hapo nahitaji utabiri wa saa kwa saa, na sioni aibu kuuomba.

MAMA WA KIOSKI: Na zile sumu za viwandani, risasi na nyinginezo? Dawa yenu inaziondoa?

MHANDISI: Si zote, mama, na si kwa uhakika. Na kompyuta haitabiri kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Jibu hilo la mwisho la mhandisi lina uzito kuliko yote aliyoyasema kabla, na ndilo linalonielekeza upande wa kusimama. Naunga mkono utabiri, kwa masharti. Katika Thwake nauona kuwa wa lazima. Katika mito ya msimu unafaa, ukianzia na jedwali la ukutani lililotengenezwa kwa majaribio ya bika ya mtambo wenyewe, si la mtambo wa nchi nyingine. Katika chemchemi na katika maji yaliyokwisha kutuama Tana unaweza kusubiri, na fedha zake ziende kwenye vidonge na mabomba. Kokote utakakowekwa, kompyuta ipendekeze na opereta aamue, na pale anapokataa pendekezo aandike kwa nini, maana sababu hiyo ndiyo itakayoifundisha kompyuta alichonacho kichwani. Opereta anayekaribia kustaafu alipwe msimu mmoja zaidi ili kazi hiyo ifanyike.

Wala siungi mkono wanaosema tusubiri bwawa likamilike ndipo tuanze kupima. Ni kweli kwamba ziwa halitakuwa sawa na mto, na vipimo vya leo havitatosha. Lakini asiye na vipimo vya mto hatajua ziwa limebadilisha nini, na hatakuwa na la kumwambia Nairobi kuhusu uchafu anaoushusha. Misimu miwili ya vuli na miwili ya masika ndiyo kidogo kabisa cha kuanzia, na kila msimu unaopita bila kupimwa haurudi.

Basi ombi langu ni kwa serikali za Kitui na Makueni, na kwa Wakala wa Tanathi unaosimamia ujenzi wa miradi ya maji katika eneo letu. Teueni sehemu moja ya kuchotea sampuli katika Mto Athi juu ya bwawa na, maji yakianza kujaa, nyingine ndani ya bwawa. Pimeni kila siku ukungu, pH, alkalini na amonia, na kila mwezi metali nzito. Bandikeni matokeo mahali ambapo mwenye kioski anaweza kuyasoma, na siku ambayo hamkupima bandikeni hivyo hivyo. Kazi hiyo ianze kabla ya mvua za Oktoba.